Sajini Alipoacha Kunguruma

Sajini, mbwa wetu mzee, aliacha kunguruma wiki ya pili ya Julai 2024, na mimi nikashukuru. Usiku huo tukifunga milango nilimwambia mume wangu, "Afadhali, yeye na mbwa mdogo wameshazoeana." Siku tisa baadaye nilikuwa nimeushika mkono wa kitindamimba wetu chini ya mfereji, damu ikiteremka na povu la sabuni, mwenyewe akilia, "Mama, usimpige Sajini, usimpige," nami nikimhesabia dakika.

Acha nianze nyuma kidogo.

Sajini alikuja kwetu Machi 2013, wiki ile nchi nzima ilikuwa imekaa mbele ya televisheni ikingoja matokeo ya urais. Aliingia ndani ya boksi la viatu na nafasi ikabaki. Kifungua mimba wetu alikuwa na miezi miwili, kwa hiyo wawili hao wamekua pamoja. Jina alipewa na baba mkwe wangu, polisi mstaafu, kwa namna alivyokaa wima na kututazama mmoja mmoja kama anayekagua gwaride. Upande wa mama alikuwa na damu ya jamani shepadi, upande wa baba hakuna ajuaye. Sikio moja lilisimama, la pili likabaki limeanguka mpaka leo.

Tunaishi Buruburu, Nairobi, si mbali na Mumias South Road. Anayezijua nyumba za huko anajua zilivyoshikana ukuta kwa ukuta na jinsi ua wa nyuma ulivyo saruji tupu: karo la kufulia, kamba ya nguo, tangi la maji, kibanda cha mbwa. Kwa miaka kumi Sajini alilinda ua huo vizuri. Pikapu ya mume wangu aliitambua ingali barabarani, na angebweka mara mbili, mara mbili tu, kabla hata taa hazijaingia kwenye kona yetu.

Aprili 2024, usiku wa mvua kubwa, wezi walivunja nyumba ya jirani. Walipitia ukuta tunaochangia. Asubuhi tulikuta nyayo kwenye tope, hatua mbili kutoka kwenye kibanda cha Sajini, naye alikuwa amelala fofofo. Askari wa geti la mtaa alichuchumaa akamkuna shingo, akaniambia, "Mama, huyu mzee amestaafu." Hapo ndipo tulipokubali jambo ambalo lilikuwa mbele yetu kwa mwaka mzima. Sajini hasikii. Alipoacha kuja tulipogonga sufuria yake tulisema amekuwa mkaidi. Alipoacha kubweka pikapu ikija tulisema amezeeka, amechoka. Hatukuwahi kusimama nyuma yake tukapiga makofi.

Kilebu, yaani mbwa mchanga, tulimleta kwa sababu hiyo, na sitaificha. Tulihitaji masikio mengine nyumbani. Watu wengi husema wanamletea mbwa mzee mwenzake ili apate nguvu mpya, na huenda kuna nyumba ambako imekuwa hivyo, lakini mimi naona aheri mtu aseme ukweli wake kabla hajaleta mnyama wa pili. Ukisema ni kwa ajili ya mzee, utategemea mzee afurahi, na asipofurahi utamwona hana shukrani. Mimi nilimwona Sajini hivyo kwa wiki tatu nzima.

Mfanyakazi mwenzangu anayeishi Utawala alikuwa na mbwa jike aliyezaa wiki ya mwisho ya Aprili, siku zile mto ulipofurika Mathare. Kwake pia kibanda kilijaa maji, kwa hiyo watoto wa mbwa walilelewa sebuleni, nyuma ya kochi. Tulimwacha wetu akae na mama yake na ndugu zake mpaka alipofikisha wiki tisa. Hilo tulifanya sawa. Kilebu hujifunza kwa ndugu zake jino likiuma sana mchezo unaisha, na anayeondolewa mapema mno hukosa darasa hilo. Alikuwa na mabaka ya kahawia, meusi na meupe, na watoto walipomwona tu wakasema kwa pamoja: Githeri, kama ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe.

Aliletwa Jumamosi ya tarehe 29 Juni, wiki ya maandamano ya Mswada wa Fedha, na mume wangu aliharakisha kurudi kabla giza halijaingia. Alifika saa kumi na mbili jioni, saa ya chakula cha Sajini. Watoto walimbeba kilebu moja kwa moja hadi uani wakamweka chini, hatua moja kutoka kwenye sufuria ya mzee. Githeri hakufikiria mara mbili. Alitia kichwa ndani ya sufuria.

Sajini alinguruma. Sauti ilitoka chini kabisa kifuani, ndefu, bila kuonyesha meno. Nami nikavua patipati nikampiga nayo puani.

Nimelirudia tukio hilo moyoni mara nyingi. Ule ulikuwa ua wake, sufuria yake na saa yake ya chakula, kisha mgeni asiyemjua akatia kichwa, na yeye akasema kwa upole wote alionao: toka. Akapigwa. Wiki mbili zilizofuata ziliendelea vivyo hivyo. Kilebu akipanda juu ya mgongo wa mzee, mzee ananguruma, sisi tunapiga kelele, tunamnyooshea kidole, tunamtoa nje. Kilebu akilia, tunambeba. Sajini alianza kulala getini badala ya kibandani, juu ya saruji, katika baridi ya Julai ambayo kila mtu wa Nairobi anaijua. Asubuhi alichukua muda mrefu kuinuka, miguu ya nyuma ikitetemeka. Nikadhani ananuna.

Kisha akaacha kunguruma.

Jumapili ya tarehe 21 Julai, mwendo wa saa moja jioni, Sajini alikuwa amelala mlangoni mwa jikoni. Githeri alitoka mbio uani akamrukia kwa nyuma, akatua kwenye nyonga. Hakukuwa na mlio wowote. Sajini aligeuka na kuuma kwa pigo moja, jino likampata kilebu juu ya jicho, na mwanangu wa miaka minane aliyekuwa karibu akaingiza mkono kuwatenganisha. Jino la Sajini lilimkwaruza kifundo cha mkono. Jeraha lilikuwa la urefu wa kucha.

Nilijua jambo moja, namshukuru aliyewahi kunifundisha: jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, liwe dogo namna gani, na baada ya hapo ni hospitali, hata kama mbwa ni wako na ana kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza hakina tiba. Mwanangu alichomwa sindano ya kwanza usiku huohuo. Kadi ya Sajini ilikuwa haijapitwa na wakati, na tuliambiwa tumchunguze kwa siku 10, akibaki mzima hakuna la kuogopa. Kidonda cha Githeri kilikuwa kidogo, hakikufika jichoni.

Tuliporudi, ushauri ulikuwa umeshafika nyumbani kabla yetu. Shemeji alisema apelekwe ushago. Jirani alisema mbwa akishaonja damu ya mtoto hafai, apigwe sindano alale. Mume wangu hakusema kitu. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya jikoni, na Sajini akaja akaweka kidevu kwenye goti lake kama afanyavyo kila siku. Nami nilikuwa nimekasirika. Nataka hilo lijulikane. Nilimtazama mbwa niliyekaa naye miaka kumi na moja nikamwona mgeni.

Daktari wa mifugo alikuja Jumanne. Alikaa kwanza chini kwenye saruji, mbali kidogo, akangoja Sajini amfuate mwenyewe. Alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, na hata lile sikio lililosimama halikutikisika. Alimulika macho kwa tochi. Ule ukungu wa buluu niliodhani ni mtoto wa jicho akasema ni uzee wa lenzi, bado anaona. Kisha akaanza kuikunja na kuinyoosha miguu ya nyuma polepole, mmoja baada ya mwingine. Alipoufikisha mguu wa kulia mahali fulani, Sajini aligeuzia uso ukutani akalamba pua mara mbili.

"Umeona?" daktari akaniuliza.

Nikamwambia sijaona kitu.

"Amesema inauma."

Akaukunja tena, taratibu zaidi, ili nione. Uso ukaenda ukutani. Ulimi ukatoka, ukagusa pua, ukarudi. Safari hii niliona pia weupe wa jicho, mwembamba kama mwezi mwandamo, na nywele za mgongoni zilivyotulia lakini misuli iliyo chini yake imekaza kama kamba. Nilikuwa nimekaa na mnyama huyu miaka kumi na moja, na hayo yote nilikuwa nikiyaona kila siku bila kuyasoma.

"Huwa ananguruma wakati gani?" akauliza.

"Siku hizi hangurumi."

"Aliacha lini?"

Nikamweleza habari ya patipati. Aliendelea kuandika kwa muda, halafu akasema bila kuinua kichwa, "Mama, hasira hakuiacha. Aliacha kuwaambia."

Alinieleza kwamba kunguruma si utovu wa adabu. Ni hatua ya katikati. Kabla yake kuna kugeuza kichwa, kulamba pua, kupiga mwayo bila usingizi, kukaza mwili, kuondoka. Mbwa mzima anayemwelewa mwenzake husimama hapo. Kilebu bado hajui kusoma, kwa hiyo mzee hupandisha sauti. Ukimwadhibu kwa ile sauti, hutakuwa umemwondolea sababu ya kuitoa. Ataiacha sauti, na ngazi inayofuata ni jino.

Aliondoka ameniachia kazi. Nichukue daftari, niandike kwa wiki moja kila mara Sajini anapoonyesha hata dalili ndogo kabisa: saa ngapi, wapi, kilebu alikuwa akifanya nini. Wakati huo wasikae pamoja bila mtu mzima kuwatazama. Nilichukua daftari la shule la kurasa 48 nikalitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni kwa uzi.

Kama kuna kitu kimoja ningemwomba kila mwenye mbwa mzee akifanye, ni hicho. Mpaka Jumanne iliyofuata nilikuwa na maandishi kumi na manne. Kumi kati yake yalikuwa baada ya saa kumi na mbili jioni. Tisa yalikuwa mlangoni mwa jikoni, kwenye saruji. Na karibu yote yalikuwa na neno lilelile kwa mwandiko wangu: "nyuma". Kilebu alitokea nyuma. Mbwa asiyesikia, aliyelala kwenye baridi na nyonga zinazomuuma, anarukiwa na kitu asichojua kimetoka wapi. Hata mtu angeruka.

Lakini kulikuwa na maandishi mengine niliyoyaandika pembeni, maana hayakuwa dalili za ubaya. Saa nne asubuhi, jua likiwa limefika kwenye ua, Githeri alimjia kwa mbele, akitambaa, na Sajini akamlamba sikio. Hilo lilitokea mara tatu wiki hiyo. Hata ningelaumu mwaka mzima nisingeligundua hilo, ila daftari liliniambia.

Mama yangu alikuja Jumamosi hiyo kwa treni kutoka Voi, baada ya kusikia mjukuu ameumwa na mbwa. Mama ana magoti mabovu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani akichambua mchicha, akitazama. Sisi tulikuwa tukimkimbilia Githeri kila alipotoa sauti. Siku ya pili akaniambia, "Mwanangu, mdogo akilia mnambeba. Mkubwa akilia mnamchapa. Atakuja kulia kwa nani?" Akaendelea na mchicha wake. Nilikuwa nimeshamsikiliza daktari na nimeshaandika kurasa sita, lakini ni maneno ya mama yaliyonipeleka chumbani nikafunga mlango nikalia.

Tulianza upya. Mume wangu alitengeneza kitanda cha chini kwa mbao za pallet, akakiweka pembeni mwa jikoni, mgongo ukutani ili asitokewe na mtu kwa nyuma, na juu yake godoro la zamani la mtoto. Ule upande wenye vijiti wa kitanda cha watoto, tuliokuwa tumeuhifadhi darini bila sababu, ukawa kageti kake. Sajini akishaingia jioni tunafunga, na Githeri anakaa upande huu. Siku mbili za mwanzo kilebu alilia mbele ya vijiti. Sajini alilala saa kumi mfululizo. Sikumbuki mara ya mwisho aliyolala hivyo.

Alipimwa uzito akapatikana na kilo 34, nyingi mno kwa nyonga zile, na zilikuwa kazi yetu sisi, kwa ugali wa mabaki na ngozi za nyama. Tulipunguza ugali, tukaongeza omena na matumbo ya bucha yaliyochemshwa, na tukaacha kabisa kumpa mboga za mezani kwa sababu zina kitunguu, ambacho huharibu damu ya mbwa. Daktari alimwandikia dawa ya maumivu ya mbwa. Hapa niseme kwa nguvu: jirani aliniletea vidonge vyake vya mgongo kwa nia njema, na nusura nivikate nusu nimpe. Dawa za maumivu za binadamu, ibuprofen hasa, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Uliza kwanza.

Chakula kila mmoja alikula nyuma ya mlango wake. Sajini alipewa kwanza, alisalimiwa kwanza, alitoka getini kwanza. Si kwamba mbwa wanahesabu vyeo kama jeshini, daktari mwenyewe hakupenda nilipolisema hivyo. Ni kwamba siku ya mzee ilibaki na mpangilio aliokuwa akiujua, na mgeni akajengewa siku yake pembeni.

Kisha ikaja habari ya kiondo. Daktari alitaka wakutane mahali pasipo pa mtu, nje ya ua, wakitembea upande mmoja na kutazama mbele badala ya kutazamana. Lakini Githeri alikuwa hajamaliza chanjo zake, na virusi vya parvo, vinavyoua vilebu, hukaa udongoni miezi mingi. Kilebu asiyekamilisha sindano, kwa kawaida hadi afikishe wiki 16, hapaswi kukanyaga barabarani ambako mbwa wengine wamepita. Mama ndiye aliyesema, "Si umtie kwenye kiondo?" Akaninyoshea kiondo chake mwenyewe, kile alichokuja nacho kimejaa ndizi.

Basi kila asubuhi saa kumi na mbili, mwezi mzima, nilitembea kandokando ya nyumba za Buruburu, ukanda wa Sajini mkono wa kushoto, kiondo begani kulia, kichwa chenye mabaka kikichungulia. Mama mboga anayepanga nyanya zake pale kona alituzoea. Siku za kwanza Sajini hakukitazama kiondo kabisa. Alitembea upande wa mbali, akanusa nguzo zake, akakojoa panapohusika. Siku ya sita tuliposimama nipumzike (kilebu alikuwa akiongezeka uzito kila wiki, na bega langu lililijua hilo), nilikiweka kiondo chini kwenye ukingo wa saruji. Sajini alikizunguka. Akatia pua ndani, akaivuta harufu kwa muda mrefu, pua ikitetemeka, na Githeri akalala chali humo ndani akatulia tuli. Nilizuia pumzi. Mzee akatoa pua, akapiga chafya, akatikisa mwili mzima kuanzia kichwa hadi mkia kama anayetoka majini. Tukaendelea kutembea. Kuanzia siku hiyo alitembea upande wa kiondo.

Ijumaa ya tarehe 16 Agosti nilikuwa nikikatakata sukuma wiki. Kageti kalikuwa wazi kwa sababu mchana walikuwa wakishinda pamoja nikiwapo. Githeri alimwendea Sajini kwenye godoro akamshika sikio lile lililoanguka, akavuta. Mzee akageuza kichwa. Kilebu akavuta tena. Mzee akalamba pua. Nikaweka kisu chini. Kilebu akavuta mara ya tatu, na hapo nikaisikia ile sauti, kutoka chini kabisa kifuani, ndefu, bila meno, sauti ambayo ilikuwa haijasikika nyumbani kwangu kwa zaidi ya mwezi.

Githeri aliachia sikio. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kitako, akamtazama.

"Asante, Sajini," nikasema, ingawa hanisikii. Nilikwenda mbele yake ili anione, nikapiga magoti, nikampa kipande cha nyama iliyokuwa ya mchuzi wa watoto. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka.

Haikuwa tambarare tangu hapo. Septemba Githeri alianza kubadilisha meno, akawa anatafuna kila kitu na kumsumbua kila mtu, na mzee akawa mkali zaidi kwake. Mwanzoni nilishtuka, nikadhani tumerudi kule kule. Kumbe mbwa wazima huwavumilia vilebu wadogo mambo mengi, na mdogo akifikisha miezi minne au mitano msamaha unapungua. Sasa anatarajiwa kujua. Tulichofanya ni kumchosha Githeri kwa matembezi yake mwenyewe, kwa miguu sasa, ili akirudi awe na hamu ya kulala. Watoto nao walijifunza. Mdogo aliyejeruhiwa ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Angesema kwa sauti ya chini akiwa anafanya kazi ya shule, "Mama, Sajini amelamba pua," nami ningeinuka kumwita kilebu.

Mvua za vuli zilipoanza Novemba, radi ilipiga usiku mmoja karibu sana na mtaa, madirisha yakatetemeka. Githeri alikuwa hajawahi kusikia radi ya namna ile. Alikimbia jikoni hadi sebuleni na kurudi, mkia umezama, akikojoa njiani. Hakuja kwangu wala kwa watoto. Alikwenda kwenye vijiti vya kageti akalia. Nilifungua. Sajini alikuwa amejinyoosha kwenye godoro lake, radi zote hizo ni kimya kwake, anapumua polepole. Kilebu alimjia kwa mbele, kama alivyofundishwa, akitambaa. Akangoja. Mzee alifungua jicho, akamtazama, akasogeza mguu wa mbele. Githeri akajipenyeza chini ya kidevu chake na kutulia, na kila radi ilipopiga nilimwona akiinua macho kumtazama Sajini usoni, na kwa kuwa uso ule haukuonyesha chochote, akayafumba tena.

Kageti hatukukafunga usiku huo, wala baada yake.

Sasa Sajini amepita miaka kumi na miwili. Ana siku nzuri na siku mbaya, na asubuhi za baridi mume wangu humpitishia taulo chini ya tumbo amsaidie kusimama. Ukuta wetu haujarukwa tena, na sisemi ni kwa sababu ya mbwa. Ila jioni, mwendo wa saa mbili u nusu, Githeri huinua kichwa kabla yetu sisi sote. Pikapu ingali barabarani. Hasimami kukimbilia geti. Anazunguka mpaka mbele ya Sajini, anamgusa shavu kwa pua, na anangoja. Mzee anafungua macho. Anaanza kuinuka, mbele kwanza, halafu nyonga, halafu ule mguu wa kulia unaochelewa. Kijana amesimama tu hapo, mkia ukipepea, haondoki mpaka miguu yote minne imesimama. Kisha wanakwenda kwa mwendo wa mzee, bega kwa bega, mpaka getini. Taa zinaingia kwenye kona. Githeri ananyamaza, na Sajini anabweka mara mbili.